Malipo kwa Mlango

Mume wangu wanamwita Wakili, na sheria hajaisomea hata siku moja. Ni dereva wa gari la vifurushi. Jina hilo alipewa na madereva wenzake kwa ajili ya mdomo. Akisimama kutetea jambo, hata kama ni ugomvi wa kiti cha kukalia wakati wa chai, atalipanga, atalipangua, atauliza maswali mpaka aliyekikalia anyanyuke mwenyewe na kuomba radhi. Mdomo huo ndio nilioupendea. Ila siku ya mkutano wa malipo, haki ya nani, natamani angeamka na jino bovu, akae kimya.

Mimi nilikuwa palepale bohari, kwenye meza ya kupangia. Vifurushi vinaingia alfajiri kwa lori, sisi wanawake wa mezani tunasoma anwani na kuvigawa kwenye makreti, kila kreti na gari lake. Ukikosea, kifurushi cha mtu kinakwenda kulala mtaa mwingine na dereva anakuja kukutolea maneno. Mimi hawakunitolea sana. Walijua ninayo ya kuwarudishia.

Sasa lazima niwaambie habari ya nyonga, maana bila nyonga hakuna kisa. Miaka ya nyuma mume wangu alianguka kutoka nyuma ya gari akiwa amekumbatia mashine ya kufulia ya mteja. Mashine haikupata hata mkwaruzo. Yeye nyonga ya kushoto ilikaa upande, na mpaka leo mguu unamgomea kwenye ngazi. Sehemu tambarare anatembea vizuri, tena na mikogo yake, huwezi kumjua. Ghorofa moja anapanda akiuma meno. Zaidi ya hapo ni mateso ambayo sipendi hata kuyatazama. Meneja wa wakati ule, mtu mwenye utu, akampa njia ya mageti: mitaa ya nyumba za chini, kila nyumba na geti lake, unasimama, unabonyeza kengele, unakabidhi, unaondoka. Maghorofa wakapewa vijana wenye miguu, akiwemo mdogo wangu wa kiume, tumbo moja mimi na yeye. Kwa hiyo ile njia ya mageti ndiyo iliyokuwa kazi ya mume wangu. Ukimtoa pale umemfukuza, na bohari nzima ilijua hivyo. Mshahara wangu wa mezani ulikuwa wa sabuni na chumvi. Nyumba ilisimama kwa gari lake.

Madereva wote walilipwa mshahara wa mwezi, sawa kwa sawa. Kisha akaja meneja mpya.

Tulimbatiza Bwana Asante. Mpole, shati jeupe, sauti ya chini. Ukimpa kalamu, asante. Ukimwambia gari limeharibika njiani, asante kwa taarifa. Fundi mmoja alimwambia amefiwa na mama yake, akasema asante, kisha akamuuliza atarudi kazini lini. Alizunguka bohari wiki nyingi bila kumgombeza mtu, anatazama tu, halafu akatuita wote uani.

"Gari moja linapeleka vifurushi mara mbili ya jingine," akasema, "na madereva wote wawili wanapokea sawa. Hiyo mnaiona haki?"

Akatoa kalamu mfukoni.

"Sitaki kumpunja mtu, na sitaki kampuni ife. Nataka anayefanya zaidi apate zaidi. Tuache mshahara, tulipane kwa kazi. Kipimo mtachagua ninyi wenyewe. Mimi nilifikiria umbali."

Uwanja ukachafuka. Umbali! Maghorofa yamepangana ubavu kwa ubavu, kijana anashinda kutwa nzima kwenye ngazi na gari halijatoka mtaa mmoja. Tajiri ndiye aliyepiga kelele kuliko wote. Huyu ni dereva wa maghorofa, tunamwita Tajiri kwa sababu hana kitu, kila siku anakopa nauli ya kurudi kwake. Akamsukuma mume wangu mbele. "Wakili! Mwambie!"

Na mume wangu akaenda, kifua mbele.

"Bosi," akasema, "ukilipa umbali unalipa matairi. Mtu anayepanda mpaka ghorofa ya saba na boksi begani, kwa hesabu ya kilomita hajaenda popote. Tulipe kwa mlango."

Niwaeleze mlango, maana hapa ndipo tulipozikwa. Kwa madereva, mlango ni mtu. Dereva akirudi jioni anasema leo nimefanya milango mingi, maana yake amekabidhi watu wengi. Jengo moja lenye familia sitini, hiyo ni milango sitini. Hata mama anayeuza nyanya sokoni, amekaa chini kwenye turubai, hana ukuta wala paa, akipelekewa kifurushi ni mlango. Lugha ya kazi hiyo. Tumeizungumza miaka, hakuna aliyewahi kumuuliza mwenzake maana yake.

"Mlango," akarudia Bwana Asante, taratibu. "Kila mlango unaofikiwa una malipo yake."

"Hapo sawa!" wakaitikia. "Mlango! Mlango!"

"Tuandike maana ya mlango, au haina haja?"

Jamani, aliuliza. Hilo siwezi kumnyima. Aliuliza mbele ya watu wote, kwa adabu, kalamu mkononi. Na mume wangu, kichwa kimeshavimba kwa kushangiliwa, akacheka na kusema, "Bosi, kwani hapa kuna mtu mzima asiyejua mlango?"

Watu wakavunjika mbavu. Tajiri alimbeba mume wangu mgongoni, akamzungusha uwanja mzima.

"Asante," akasema meneja, akaingia ofisini.

Njiani kurudi nyumbani nilimshukia. Nilimwambia, wewe mwanamume una akili kweli? Milango mingi iko ghorofani. Umewapa wenzio minofu, umebaki na ngozi. Akanijibu kwa upole, "Wanaopanda ndio wanaoumia, mke wangu. Mageti yangu yatatutosha. Wewe unajua ngazi zilivyo." Nilikuwa najua. Nilimwona mjinga na nilimpenda, vyote kwa pamoja.

Malipo ya kwanza yaliingia asubuhi moja madereva wakiwa wanapakia. Simu zikaanza kulia uani, ti, ti, ti. Mdogo wangu akatazama yake, akaitikisa kama saa iliyosimama, akaitazama tena. Tajiri akasema, "Hii itakuwa ya wiki moja. Nyingine inakuja." Hakuna nyingine iliyokuja.

Ofisi ilikuwa imehesabu mlango ule wa chini, ule wa jengo, gari linapozimwa. Jengo la familia sitini, mlango mmoja. Na geti la nyumba, mlango mmoja. Kijana aliyeshinda akipanda na kushuka mpaka magoti yanagonga, alikuwa na milango ya kuhesabu kwa vidole. Mwenye mageti, anayekwenda geti baada ya geti, alikuwa na milango tele.

"Wakili," akaita Tajiri. "Hebu yako tuione."

Nilikuwa nimesimama mezani. Nilimtolea macho mume wangu. Nikakohoa. Nikaangusha kreti makusudi ageuke aniangalie. Mtu huyo hajui kuficha kitu, Mungu alimnyima. Akatoa simu akawaonyesha, na yeye mwenyewe uso umejaa mshangao. Alikuwa amelipwa kuliko dereva yeyote uwanjani.

Wakapokezana ile simu. Ilipomfikia Tajiri, akaitazama kwa muda mrefu.

"Kumbe," akasema.

"Kumbe nini?"

"Kumbe ulijua."

Mume wangu alikwenda ofisini palepale, nami nikafuata na kreti tupu mkononi ili nionekane nina shughuli. Alizungumza vizuri, siku hiyo hata mimi nilimsifu moyoni. Alimweleza Bwana Asante kwamba mlango ni mtu, kwamba hakuna dereva duniani anayekabidhi kifurushi kwa jengo, jengo halina mikono.

Bwana Asante akasikiliza mpaka mwisho. "Hapa ulipoingilia panaitwaje?"

"Mlango, bosi, lakini..."

"Nilitaka tuandike. Ulinicheka." Hakukasirika alipolisema hilo. "Wewe umepata zaidi kuliko mwezi uliopita. Unataka nikupunguzie?"

"Nataka wenzangu wapate haki yao."

"Asante kwa kuwajali. Gharama za mwezi huu zimeshuka vizuri sana, na vifurushi vimefika vyote. Sina sababu ya kubadilisha."

Mume wangu alirudi uani akawaambia ukweli wote. Akawaambia tena kwamba ile ziada yake waigawane. Hapo ndipo Tajiri alipomtemea mate karibu na kiatu. "Unatupa sadaka? Kwa jasho letu?" Lakini wakaichukua. Haki ya nani, waliichukua yote, kila mmoja akapokea kwenye simu yake, na baada ya kupokea wakaendelea kumwita msaliti.

Nimeona watu wakifanyiwa ubaya, ila ule wa pale bohari ulikuwa na ubunifu. Asubuhi akifika, wawili wanasimama kando ya lango, wanainama, "Karibu mheshimiwa, huu ni mlango." Akitoka chooni, wanapiga makofi, "Mlango mwingine huo, andika!" Waliandika neno hilo kwa chaki nyuma ya gari lake, alifuta, wakaandika kwa rangi. Yeye aliyekuwa akisaidiwa kuinua maboksi mazito akaachwa ayainue peke yake, na watu wamekaa wanamtazama anavyojipinda. Na yeye anacheka nao! Anadhani ni utani utakwisha. Nilimwambia, hawa hawakutanii, hawa wanakula nyama yako. Akasema niwape muda.

Muda walipewa, wakautumia. Wakaitisha kikao cha madereva, wakaamua njia zibadilishwe. Wakaenda kumwambia Bwana Asante, naye akasema mambo ya njia wamalize wenyewe, yeye anaheshimu uamuzi wa madereva. Asanteni.

Wakapiga kura kwa mikono, palepale mbele ya meza yetu. Wanaotaka Wakili aende maghorofani? Mikono ikapanda. Nilikuwa nimemkazia macho mdogo wangu. Kijana huyu alikuja kwangu na godoro lililokunjwa, hana hata viatu vya maana. Mume wangu alimfundisha gari, akamlipia leseni, akamwombea kazi kwa meneja wa zamani. Alitazama kushoto, akatazama kulia, akatazama dari. Kisha akanyoosha mkono, ukawa wa juu kuliko yote, maana ni mrefu.

Na njia ya mageti alipewa nani? Yeye.

"Dada, usinichukulie vibaya," akaniambia pembeni. "Nisingeichukua mimi angeichukua Tajiri. Si bora ibaki nyumbani?"

"Nyumbani kwa nani?" nikamuuliza. "Nyumbani kwa nani, mbwa wewe?"

Kesho yake asubuhi alikuja kuchukua funguo. "Shikamoo shemeji." Na mume wangu akaitikia marahaba! Akamkalisha, akaanza kumweleza njia: geti la kijani kengele yake haifanyi kazi, gonga kwa jiwe, nyumba ya kona mbwa hana neno lakini bwana mwenye nyumba ana neno, yule bibi wa mwisho hasikii, mpe muda afike. Nilishindwa kuvumilia. Nikamwambia, "Mvulie na suruali basi, aende nayo." Mdogo wangu akacheka kidogo. Mume wangu hakucheka.

Siku ya kwanza ghorofani alirudi na makreti karibu yote yamejaa. Alinieleza nikimkanda nyonga kwa maji ya moto, na kila alichonieleza alikieleza akitazama ukutani. Lifti za majengo yale hazifanyi kazi, au zinafanya kazi kwa wenyeji wenye kadi. Alipanda ghorofa tatu, mguu ukagoma. Akakaa kwenye ngazi. Mwanamke mmoja wa juu akachungulia na kumwita, mume wangu akamwomba yeye ashuke kidogo tu amalizie njia. Yule mama akapiga kelele jengo zima lisikie, "Nimelipia mpaka mlangoni! Lete mlangoni!" Kushuka hakuweza kwa miguu. Alishuka kwa makalio, ngazi baada ya ngazi, kifurushi kifuani, na watoto wa jengo wakashuka naye wakimwiga. Alifanya hivyo kwenye jengo moja. La pili hakuingia.

Kwa kila kifurushi kinachorudi bohari kuna makato. Siku ya pili akarudi na makreti yamejaa. Siku ya tatu Bwana Asante akampita uani, akatazama ndani ya gari, akasema asante. Tulijua kilichokuwa kinafuata.

Hapo hasira zikanipanda, na mimi hasira zikinipanda nafanya kazi. Nikamwendea msimamizi wa meza, nikaomba likizo bila malipo, nikaingia kwenye gari la mume wangu. Nikamwambia, wewe endesha, miguu ninayo mimi.

Na tuliweza! Nisikilizeni, tuliweza sana. Mume wangu hapandi ngazi, lakini kichwa chake kinapanda. Alikuwa ananipangia vifurushi kwa ghorofa ndani ya mfuko mmoja mkubwa, vya ghorofa ya juu kabisa chini, vya ghorofa ya chini juu, na anampigia kila mteja simu tukiwa bado barabarani ili nikifika nimkute mlangoni. Nilikuwa napanda mara moja tu na kushuka mikono mitupu. Nikishuka nakuta mfuko wa jengo linalofuata umeshafungwa. Miguu iliniwaka siku za mwanzo, kisha ikazoea. Aliniita Lifti. "Lifti, una hitilafu?" "Lifti, unahitaji grisi?" Nikimjibu namtukana, tunacheka, tunakula mkate ndani ya gari tukiwa tumetanua miguu. Nilikuwa sijacheka na mume wangu hivyo tangu tuoane. Tulirudi bohari kabla ya magari yote ya maghorofa, kreti halina kitu. Tajiri alikuwa anatutazama na kumeza mate.

Likizo ikaisha, nikaomba nyingine. Wakaniambia meza imeshapata mtu. Sikujali. Gari letu lilikuwa linaongoza.

Ndipo Bwana Asante alipotuita ofisini, mimi na mume wangu. Alituonyesha viti. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na gari letu, mstari wake umepita yote.

"Hongereni," akasema. "Njia ya maghorofa haijawahi kwenda hivi. Nimewaonyesha hata wakubwa zangu."

Mume wangu akanyoosha mgongo. Aliona nafasi, nikamwona anavyoiona. "Bosi, kama ndivyo, tuzungumze malipo. Watu wawili wanafanya kazi, analipwa mmoja, tena kwa mlango wa chini."

Na mimi mdomo ukanitoka. "Wateja mnawatoza mlango upi?" nikamuuliza. "Yule mama wa juu anasema amelipia mpaka mlangoni kwake. Kila mtu kwenye lile jengo analipia mpaka mlangoni kwake. Hiyo milango mnaihesabu mkichukua, mbona mkitoa hamuioni?"

Nilidhani nimemkamata. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa jambo la maana.

"Asante, mama. Swali zuri. Mteja ana mlango wake, dereva ana wake. Ndiyo maana kampuni ipo." Akageuza kompyuta kidogo. "Nimewaita kwa jambo jingine. Gari linaonyesha kwamba kila jengo dereva habanduki kwenye kiti. Anayepanda hayumo kwenye vitabu vyangu. Akianguka kwenye ngazi, ni nani aliyeanguka? Gari ni la mtu mmoja. Kwa hiyo mmoja wenu ni dereva, na mmoja ni mzigo."

Akasema mzigo. Mbele ya mume wangu.

"Bosi," mume wangu akaanza, na sauti ilikuwa ileile ya mikutanoni, "mimi ndiye ninayepanga. Hiyo kasi unayoiona haitoki miguuni peke yake. Ukinitoa mimi..."

"Ukiwa peke yako unapanda mpaka ghorofa ya ngapi?"

Nilisubiri jibu lake. Wakili, mtu wa kuwapangua watu maneno. Mikono yake ilikuwa juu ya magoti, na ule mkono wa kushoto ukashuka wenyewe mpaka kwenye nyonga, kisha akaurudisha haraka.

Bwana Asante hakumngoja aaibike zaidi. Akanigeukia mimi. "Na wewe, mama. Leseni unayo?"

Ninayo. Mume wangu alinifundisha gari, yeye huyohuyo, pamoja na mdogo wangu.

"Umekuwa mezani miaka. Ukiwa peke yako, kupanga vifurushi kwa ghorofa, kupiga simu, kuendesha, kupanda. Unaweza?"

Chumba kilikuwa kidogo. Nilimsikia mume wangu anavyovuta pumzi. Nilihesabu haraka kichwani kama mtu anayetafuta njia ya kutoka ndani ya nyumba inayoungua. Nikisema siwezi, njia inarudi kwake peke yake, atashuka kwa makalio siku mbili, tatu, na atafukuzwa, na mimi meza sina. Tutakuwa wote nje. Nikisema naweza, nimemfukuza mimi, kwa mdomo wangu, amekaa pembeni yangu. Nilitaka kumrukia yule mtu shingoni. Nilitaka mume wangu aseme neno, lolote, anitoe pale. Nilimtazama. Alikuwa anatazama meza.

"Naweza," nikasema.

"Asante," akasema Bwana Asante, akaandika.

Mume wangu akainua kichwa. "Anaweza," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anamtetea shahidi wake. "Anaweza kuliko mimi, bosi. Huyu umepata mtu."

Ningefurahi angenipiga kofi.

"Basi aanze leo, magari hayajatoka," akasema meneja. "Ila barabarani lazima jaketi la kampuni. La ziada hatuna mpaka mwezi ujao."

Mume wangu akasimama, akafungua zipu. Ndani alikuwa na fulana iliyochanika kwapani, ile niliyomwambia mara nyingi aniachie niishone. Akalikung'uta jaketi, akanishikia kwa nyuma, nikaingiza mkono mmoja, nikaingiza wa pili. Akanigeuza mbele, akainama kunifungia, na sikuweza kumtazama usoni, nikatazama utosi wake.

"Zipu yake inakwama hapa katikati," akaniambia. "Ivute kwanza chini."

Kisha akafungua mlango akatoka na ile fulana yake, akapita katikati ya uwanja, madereva wote wapo, mdogo wangu yupo, funguo mkononi. Hakuna aliyepiga makofi wala kumwinamia siku hiyo. Walimtazama mpaka akavuka lango, kisha wakageuka wote kuniangalia mimi. Jaketi lilikuwa bado na joto lake. Nikavuta zipu mpaka juu, nikaenda kupakia gari.